Mwacheni binti aandike JavaScript yake

Jumamosi mpwa wangu alirudi kutoka mjini Arusha uso umemshuka. Alikwenda kununua rilei, swichi ndogo inayowashwa na kuzimwa kwa umeme. Muuzaji alimwuliza anatumia lugha gani ya kompyuta, akajibu JavaScript, akaambiwa mbele ya wateja: "Binti, hiyo ni ya tovuti. Kajifunze C kwanza ndipo uje kugusa umeme." Hasira hazijaniisha mpaka leo.

Alichotaka ni kuzima hita ya maji. Njiro mwezi huu wa Julai baridi ni kali; hita inawashwa alfajiri, mtu anaoga, anakimbilia daladala, swichi imebaki vilevile. Hadi jioni tanki limepoa na kuchemka tena mara kadhaa, na yuniti za LUKU zimekwenda. Akachukua ESP32, chipu ndogo ya kuprogramu, akaipakia programu ya Espruino, kazi ya Gordon Williams wa Uingereza iliyochangiwa fedha kwenye tovuti ya Kickstarter mwaka 2013. Chipu yenyewe ndiyo inayosoma JavaScript: unaandika amri, pini (mguu wa chipu unaounganishwa na waya) inajibu papo hapo. Ukibonyeza kitufe, amri ya digitalWrite inawasha. Kisha setTimeout ya 2400000, yaani milisekunde za dakika 40, inazima. Ni setTimeout ileile aliyoizoea kwenye kurasa za wavuti. Kwa nini aiache miaka yake miwili ya kujifunza mlangoni?

Haya, C ina kasi zaidi na haili kumbukumbu nyingi. Kwa kazi ya kuhesabu mikrosekunde ningemshauri hivyo hivyo. Hii ni hita.

Muuzaji angekuwa na nia ya kumsaidia, angeuliza hita ni ya wati ngapi. Yetu ni 3000. Kwa volti 230 inavuta ampea 13, na zile rilei ndogo za buluu zimeandikwa ampea 10. Ukipitisha hita humo, rilei inapata moto, na moto huo haujali umeandika C au JavaScript. Rilei ivute kontakta tu, yaani swichi kubwa ya umeme mwingi, kontakta ndiyo ibebe hita, na nyaya aziunge fundi umeme mwenye leseni. Lakini alimwuzia bila kuuliza, akamsema kwa lugha!

Na umeme ukikatika ukarudi, chipu inaanza upya, kontakta imeachia, hita haiwaki mpaka mtu abonyeze tena. Hilo aliliwaza mwenyewe.

"Mjomba, kwani nimekosea wapi?" Hujakosea, mama. Jumamosi ijayo tunakwenda wote kununua kontakta, na atakayeongea ni wewe.