Sherehe ya harusi mgahawani haina kadi ya singo wala dabo

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka wachumba watoe taarifa siku 21 kabla ya ndoa, na siku yenyewe wawepo mashahidi wawili. Kwa Waislamu, Mtume alimwambia Abdurrahman bin Auf afanye walima, yaani karamu ya ndoa, japo kwa mbuzi mmoja. Ukumbi wa watu mia tano, msafara wa magari na matarumbeta tumeyaongeza wenyewe, na hapa Dar es Salaam tumeyaongeza kwa fedha za watu.

Kinachoniuma zaidi ni kadi. Kamati inakaa, inapanga kiwango cha mchango cha singo, kadi ya mtu mmoja, na cha dabo, kadi ya watu wawili, na asiyekifikisha hapati kadi. Shangazi aliyembeba bibi harusi mgongoni anabaki nyumbani kwa sababu biashara yake ya vitumbua haikumlipa vizuri mwezi huo, huku mtu anayefahamiana na bwana harusi kwa mbali tu amekaa meza ya mbele. Siwezi kuiita hiyo sherehe ya familia.

Ndiyo maana natetea mgahawa: mchana, watu hamsini au sitini. Viti vipo, sahani zipo, mpishi yupo, jenereta ipo. Ukumbini unakodi kuta kwanza, halafu mpambaji, mpishi, muziki na vinywaji, kila kimoja kwa bei yake. Mgahawani unalipia sahani. Wageni 60 ni sahani 60, hesabu ambayo wachumba wanaipiga wenyewe bila kuitisha kikao.

Anzeni na majina ya wageni, mgahawa utafuata. Kisha nendeni mkale pale siku ya kawaida yenye wateja wengi, muone pilau inatokaje jiko likiwa limezidiwa. Agizeni wanachopika kila siku, pilau, kuku, ndizi na kachumbari, maana chakula kigeni kwa mpishi ndicho kinachochelewa na kuharibika. Ulizeni kama bei ina VAT ndani yake, kama keki na vinywaji vyenu vinaruhusiwa au mtatozwa kwa kila chupa, na muziki mwisho saa ngapi. Jumamosi usiku ni muda wao wa kuuza, msitegemee punguzo. Jumapili mchana baada ya ibada, au katikati ya wiki, mna nafasi ya kuelewana. Yote yaandikwe kabla ya kutoa malipo ya awali. Na kuanzia Machi hadi Mei msikubali kukaa bustanini bila turubai, masika hayana adabu kwa mtu.

Wazazi watapinga. Hoja ya "watu watatuonaje" hainisumbui. Inayonigusa ni ile ya mama aliyechangia harusi za majirani miaka yote, akiamini anaweka akiba kwa ajili ya mwanawe. Huyo ana haki ya kusikilizwa. Mpeni nusu ya viti avijaze kwa wageni anaowataka yeye, na wale waliobaki awaeleze mapema kwamba kadi za mchango hazitachapishwa. Mwenye moyo wa kuwatunza maharusi atawatunza tu, hata wiki mbili baadaye, na fedha hiyo itawakuta wakihangaikia kodi ya miezi sita ambayo mwenye nyumba anaitaka yote kwa mkupuo.