Kozi za ufundi mtandaoni: saa zinazookolewa ziende wapi?

Kijana mmoja aliingia karakanani kwangu akiwa na alama za juu kuliko wenzake wote. Nadharia ya uchomeleaji aliisoma yote mtandaoni, na mambo aliyajua: fimbo ya kuchomelea ya milimita 3.2 inataka umeme wa ampea ngapi, ishikwe kwa pembe gani, kwa nini fimbo iliyoingia unyevu huacha vitundu kwenye mshono. Nilipompa mashine, fimbo ilinata kwenye chuma mara ya kwanza, ya pili, ya tano. "Mwalimu, mbona kwenye video ilionekana rahisi?" Nikasimama nyuma yake, nikaweka mkono wangu juu ya wake, tukaivuta fimbo pamoja mpaka sauti ikabadilika. Iliacha kupasukapasuka ikawa mlio mmoja usiokatika, kama mafuta yanayokaanga. "Umeusikia?" Akaitikia kwa kichwa. Hazikufika dakika tatu.

Tukio hilo hunijia kila linapozuka pendekezo la kuhamishia kozi za vyuo vya ufundi mtandaoni. Wanaopinga watasema linatosha kufunga mjadala: ufundi uko mkononi, na mkono haufundishwi na kioo cha simu. Lakini tukio lenyewe lina upande wa pili. Kijana yule alichokosa ni dakika tatu za mkono wangu. Mengine yote, ambayo zamani yalinila wiki mbili nzima ubaoni, alikuja nayo kichwani.

Tuanze na hoja za wanaounga mkono, maana mara nyingi tunazipuuza sisi tulioota sugu karakanani. Katika onyesho la kawaida la kuchomelea, wanafunzi ishirini humzunguka mkufunzi, kila mmoja na ngao yake usoni, na wanaoliona vizuri dimbwi dogo la chuma kilichoyeyuka ni watatu au wanne walio mbele. Waliobaki huona mgongo wa mwalimu na mwanga. Kamera ya kawaida ikielekezwa pale huona weupe mtupu, lakini iwekee kioo cheusi kinachofaa, na kila mwanafunzi ataliona dimbwi likitanuka na kusogea, taka ikielea nyuma yake, kana kwamba pua yake iko sentimita chache kutoka kwenye chuma. Atairudisha video nyuma mara kumi bila kumwonea haya mtu. Kwa hili mtandao unafundisha vizuri kuliko mimi, na sioni sababu ya kubisha.

Vivyo hivyo kwa kozi ambazo chombo chake cha kazi ni kompyuta. Anayejifunza kuandika programu, kuchora ramani za mashine au kupanga mitandao, karakana yake iko ndani ya kioo tangu mwanzo. Programu kama Packet Tracer ya kampuni ya Cisco humwezesha mwanafunzi kuunganisha ruta na swichi, yaani vifaa vya kuunganishia kompyuta, ambazo chuo kisingeweza kumnunulia, na akikosea hakuna kinachoungua. Kuwalazimisha wanafunzi hawa kusafiri kila siku ili wakae mbele ya kompyuta ileile ni kuwapotezea muda na nauli.

Kuna na ushahidi wa historia, na huu ndio unaonifikirisha zaidi. Mafunzo ya ufundi kwa mbali hayakuanza na intaneti. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, mjini Scranton, Pennsylvania, nchini Marekani, Thomas Foster alianza kuwafundisha wachimbaji wa makaa ya mawe kwa njia ya posta. Sheria ya usalama wa migodi iliwataka wasimamizi wafaulu mtihani, na wachimbaji hawakuwa na nafasi ya kwenda darasani. Masomo yakawafuata nyumbani. Mpango ule ukakua ukawa International Correspondence Schools, na wanafunzi wake wakawa wengi mno, wa fani nyingi.

Hapa ndipo watetezi wa mtandao hupenda kuishia. Mimi nauliza: wanafunzi wale wa kwanza walikuwa akina nani? Walikuwa wachimbaji. Mchana mzima mikono yao ilikuwa kwenye kazi. Harufu ya gesi, mlio wa mwamba unaotaka kukatika, vyote walivijua tayari. Walichokosa ni hesabu, kanuni za upitishaji hewa na maandishi ya mtihani. Posta iliwaletea nusu waliyoikosa, na nusu ya pili walikuwa nayo wenyewe. Kwa hiyo fundi wa gereji mwenye miaka sita kazini anayetaka cheti, mtandao unamfaa sana, pengine kuliko darasa. Kijana aliyemaliza shule jana na hajawahi kushika spana yuko katika hali tofauti kabisa, na kuwapa wawili hawa kozi moja kwa sababu wote wamejisajili mtandaoni ni kumdhulumu huyu wa pili.

Hata Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1971 na kufundisha kwa redio, televisheni na posta, hakikudhani kwamba matangazo yanatosha. Kiliwatumia wanafunzi wa sayansi vifaa vya majaribio nyumbani, na kikawaita kwenye makambi ya masomo wakati wa kiangazi. Halafu mwaka 2020, UVIKO-19 ilipofunga shule na vyuo karibu kila mahali, mafunzo ya ufundi yalikuwa miongoni mwa yaliyoyumba zaidi. Utafiti wa pamoja wa Shirika la Kazi Duniani, UNESCO na Benki ya Dunia uliofanywa mwaka huohuo ulionyesha jinsi vitendo na mitihani ya vitendo ilivyokuwa kikwazo kikubwa, hata pale ambapo nadharia iliendelea mtandaoni.

Sasa kuna wanaojibu: tutaiga karakana kwa kompyuta. Wanataja urubani, na mfano wao una nguvu. Edwin Link alitengeneza chombo chake cha kufundishia marubani mwaka 1929, na leo rubani mzoefu wa shirika la ndege anaweza kujifunzia aina mpya ya ndege karibu yote ndani ya chombo cha kuiga kabla ya kuirusha ndege yenyewe. Lakini chombo hicho kina viti, vishikio na vitufe vya ndege halisi, na chumba kizima huinama na kutikisika. Kinamrudishia rubani nguvu mkononi. Simu hairudishi kitu. Ukikaza boliti kwenye programu, boliti hukaa. Ukikaza ya chuma, kuna wakati mkono unahisi uzi wa boliti umeanza kulegea badala ya kukaza, na usipoacha papo hapo umeshaiharibu. Kwenye saketi ya umeme iliyochorwa kwenye kompyuta, waya uliounganishwa umeungana. Kwenye ukuta, skrubu iliyolegea kidogo huanza kupata moto miezi mingi baada ya fundi kuondoka.

Na upimaji je? Mwanafunzi anaweza kupiga picha mshono wa kupendeza na kuutuma. Karakanani tunaukata kipande, tunakikunja, na hapo ndipo tunajua kama chuma kilishikana ndani au kiligusana tu kwa juu. Picha haijui hilo. Cheti kilichotolewa kwa picha kinaweza kumweka mtu chini ya ngazi iliyochomelewa na mtu ambaye mshono wake haukuwahi kukunjwa.

Kwangu mimi, jambo la kuamuliwa ni saa zinazookolewa: zinakwenda kwa nani? Chukua hesabu ndogo. Mkufunzi mmoja ana wanafunzi 24, mashine nne, na saa nne kwa wiki: mbili za darasani, mbili za karakana. Mashine nne kwa saa mbili ni dakika 480. Gawanya kwa 24, kila mwanafunzi anashika mashine dakika 20 kwa wiki. Ni kidogo mno, na hiyo ndiyo hali kabla mtandao haujaingia. Tuseme sasa zile saa mbili za darasa zimehamia mtandaoni. Mkufunzi akirudi nazo karakanani, anawagawa wanafunzi makundi mawili ya 12, kila kundi saa mbili. Dakika 20 zinakuwa 40, bila mashine mpya hata moja. Hilo ni badiliko ambalo ningelipigania.

Lakini saa zilezile zinaweza kwenda kwingine. Chuo kikiongeza wanafunzi wengine 24 kwa kuwa "darasa halijai tena," kila mmoja anabaki na dakika 20 zake. Kikipunguza wakufunzi, huenda zikashuka zaidi. Na kikisema vitendo navyo vitakuwa video, ni sifuri. Tangazo la chuo linaweza kuwa lilelile kwa njia zote nne, lenye maneno yaleyale ya kisasa, na mzazi au mwanafunzi asijue anaingia kwenye ipi.

Gharama nazo hazifutiki, zinahama tu. Saa moja ya video hula mamia ya megabaiti, na anayelipia ni mwanafunzi. Wengi wana simu tu, na mchoro wa mashine wenye vipimo vidogo hauchoreki kwa kidole kwenye kioo cha inchi sita. Masomo ya sauti na picha chache zinazopakuliwa mara moja yangepunguza mzigo, pamoja na kompyuta za chuo kubaki wazi hadi usiku.

Mkufunzi naye hutajwa kwa nadra. Kipindi kizuri cha dakika 15 hunichukua alasiri nzima: kutayarisha vipande, kurekodi, kurudia pale mkono ulipoziba kamera, kisha kujibu maswali yanayoingia hadi usiku. Muda huo usipohesabiwa kuwa kazi, kinachopandishwa mtandaoni ni notisi za zamani zilizopigwa picha.

Kwa hiyo chuo kinachotaka kuhama nakiomba jedwali moja, liwekwe wazi kabla ya usajili: kwa kila kozi, mwanafunzi alikuwa akishika chombo dakika ngapi kwa wiki, na atakishika ngapi baada ya kuhama. Kozi ya kuandika programu inaweza kuonyesha sifuri ya karakana na nisiwe na neno. Kwa uchomeleaji, umeme wa majumbani na ufundi wa magari, safu ya pili ikiwa ndogo kuliko ya kwanza, nitapinga, hata kama video zao ni nzuri kuliko zangu.