Picha mia tano kwa usiku mmoja: zamani ikipakwa rangi kwa mkupuo

Siku hizi mwenye folda ya picha za zamani za nyeusi na nyeupe hahitaji fundi. Anaiachia programu ya akili mnemba, DeOldify au mojawapo ya nyingi zilizoifuata tangu 2018, analala, na asubuhi anakuta folda nzima ina rangi. Zikipandishwa mtandaoni watu wanashangilia. Kisha anajitokeza mmoja, aghalabu mtu wa nyaraka au makumbusho, anasema hizo si rangi zenyewe. Hapo anashambuliwa: ana wivu, anataka historia ibaki ya wasomi. Nadhani anaonewa, na hoja yake haisikilizwi hadi mwisho.

Wanaopaka kwa mkupuo wana mengi ya haki. Kijana anayepita haraka picha ya kijivu husimama palipo na rangi, anauliza huyu ni nani, hapa ni wapi. Kupaka picha moja kwa mkono, leya (tabaka la rangi) juu ya leya, kunaweza kula siku nzima, na sidhani kama kuna ofisi ya nyaraka huku kwetu yenye bajeti hiyo. Tena kupaka rangi si uzushi wa leo. Postikadi za Zanzibar za mwanzoni mwa karne ya 20, zikiwemo za studio ya A. C. Gomes, zilitiwa rangi pia, mara nyingi na wachapaji wa Ulaya ambao huenda hawakuwahi kukanyaga Unguja. Ila postikadi zile hazimdanganyi mtu. Ukiishika moja unaona bahari imekolezwa kupita kiasi na rangi ya kanzu imevuka mstari, unajua mara moja kwamba mkono wa mtu umepita. Programu ya leo haiachi alama hiyo.

Tuanze na hesabu yenyewe. Picha ya kawaida ya kijivu kwenye kompyuta ina ngazi 256, kutoka weusi hadi weupe. Picha ya rangi ina ngazi 256 za nyekundu, 256 za kijani na 256 za buluu, yaani rangi 16,777,216. Gawanya: kila ngazi moja ya kijivu inabeba, kwa wastani, rangi 65,536. Kwenye weusi kabisa na weupe kabisa uchaguzi ni mdogo, lakini katikati, kwenye nguo, kuta na ngozi za watu, ni mkubwa kuliko hata huo wastani. Kwa kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, programu inachagua moja kati ya maelfu hayo, na kinachoiongoza ni mazoea ya picha ilizofundishiwa. Hakuna kilichofichwa ndani ya kijivu kinachosubiri kufichuliwa. Hata mfumo wa kupaka rangi uliotangazwa 2016 na Richard Zhang na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, uliofundishwa kwa picha zaidi ya milioni moja, ulipimwa kwa kuwauliza watu ipi kati ya picha mbili ni ya bandia, na uliwahadaa katika asilimia 32 ya majaribio. Kwa kazi ile ni mafanikio makubwa. Lakini angalia kilichopimwa: kama rangi inaaminika, wala si kama ndiyo iliyokuwepo.

Kwa picha zetu za kale tatizo linazidi, kwa sababu hata kijivu chenyewe hakiaminiki. Vioo vya kupigia picha na filamu za zamani, kabla ya zile zinazoona rangi zote kuenea, havikuuona wekundu. Nyekundu ilitoka nyeusi, na buluu ya mbingu ikatoka nyeupe. Bendera ya Sultani wa Zanzibar ilikuwa nyekundu tupu, bila alama yoyote, hadi 1963. Katika picha za kale za Beit al-Ajaib, jumba la Sultani mjini Unguja, inaweza kuonekana kama kitambaa cheusi. Ipe programu picha hiyo: itaona kitu cheusi juu ya mlingoti, na haina sababu yoyote ya kukitia wekundu. Chukua na kisutu, kanga ya bibi harusi, nyekundu, nyeusi na nyeupe. Kwenye kioo cha aina hiyo wekundu na weusi vinashikana, na vazi linabaki giza na nyeupe. Programu isiyo na hakika kama ni nyekundu, buluu au kijani huelekea kuangukia katikati, kwenye kahawia iliyofifia.

Sasa izidishe mara mia tano. Fundi wa mkono akikosea picha moja, anayofuata huenda akaipata, na picha zake zikitofautiana mtazamaji atashuku. Programu inakosea kwa namna ileile kila mara. Ukimwonyesha mtoto picha moja yenye kanga ya kahawia, huenda akauliza. Ukimwonyesha mia mbili, zote kahawia, ataondoka akijua kwamba bibi zake walivaa kahawia. Kosa linalojirudia bila kuyumba huonekana kama ushahidi, na hilo ndilo mtu wa nyaraka anajaribu kulisema huku akizomewa. Rangi yenyewe hagombani nayo. Anagombana na uamuzi mmoja kuvishwa folda nzima, kama fundi cherehani aliyempima mtu mmoja akashonea mtaa.

Wapinzani wa rangi hupenda kutaja kisa cha Aprili 2021, pale tovuti ya habari ya Vice ilipochapisha picha za wafungwa wa Tuol Sleng, gereza la mateso la utawala wa Khmer Rouge huko Kambodia, zilizotiwa rangi, na baadhi ya nyuso zikawekewa tabasamu. Serikali ya Kambodia ililalamika, picha zikaondolewa. Sidhani mfano huo unawasaidia sana. Ule ulikuwa udanganyifu wa wazi, ulionekana na ulisahihishwa. Kanga ya kahawia haitalalamikiwa na wizara yoyote.

Mkupuo una kazi yake halali. Kunyoosha picha zilizoskaniwa vibaya, kusawazisha mwanga, kubadili ukubwa, kuweka leya tupu ya rangi juu ya kila picha kwenye programu za kuhariri picha kama GIMP au Krita bila kuigusa asili iliyo chini: hayo yaandikiwe maelekezo ya kompyuta mara moja, yajirudie usiku kucha. Hata rangi zenyewe zinaweza kwenda kwa mafungu madogo, kwa mfano picha za harusi moja, nguo zilezile, filamu ileile, baada ya mtu anayezijua nguo hizo kuulizwa. Familia yenye albamu ya 1968 haina haja ya kungoja mwanahistoria ikiwa bibi harusi bado yupo na anakumbuka alivaa nini. Bali mkusanyo unaopandishwa kwa jina la Zanzibar ya kale, bila picha asili pembeni na bila kutaja programu iliyotumika, mimi ningeomba uachwe kijivu.