Mfuga Mbwa Kawashinda Wote

Ukiwa Dar es Salaam, panda daladala inayopita Manzese, mwambie konda akushushe Kwa Mfuga Mbwa. Hakuulizi swali. Anagonga bodi, dereva anakanyaga breki, unashuka na begi lako. Sasa siku nyingine jitie msomi, mwambie akushushe Kijazi. "Kijazi ndo wapi tena, mzee?" Unaanza kutoa mhadhara: lile daraja la juu la njia panda, lililozinduliwa Februari 2021, likapewa jina la marehemu Balozi John Kijazi aliyekuwa Katibu Mkuu Kiongozi... Hujamaliza, konda kashadakia: "Si useme Ubungo!" Gari zima linacheka, akiwemo mama aliyekukanyaga mguu tangu Magomeni na hajaomba radhi.

Jambo hili linaniuma jamani. Balozi kalitumikia taifa mpaka kafia kwenye utumishi. Huyu wa Manzese wasifu wake wote una mistari miwili: alikuwepo, na alikuwa na mbwa.

Wala hayuko peke yake. Tandale kuna Kwa Mtogole, Buguruni Kwa Mnyamani, Mtoni Kwa Azizi Ali, na ukielekea Mbezi utakutana na Kwa Msuguri. Mtu anakaa mahali, watu wanaelekezana kwake, kwisha habari, konda kashapitisha. Hata mti unapata! Viwanja vya Mnazi Mmoja, katikati ya jiji, mahali wakubwa wanapotoa hotuba, vina jina la mnazi. Tena mmoja, usio na hata mwenzake wa kuupigia debe.

Serikali nayo inajitahidi, tusiseme uongo. Daraja la juu la TAZARA tangu 2018 linaitwa Mfugale, jina la mhandisi aliyekuwa bosi wa TANROADS. Waulize abiria: flaiova ya TAZARA. Daraja la Kigamboni lilipozinduliwa Aprili 2016, mita 680 toka mwanzo hadi mwisho, likaitwa Daraja la Nyerere. Wanaovuka kila siku wanavuka Kigamboni, basi. Mwalimu ana barabara pia, ile ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road, na barabara hiyo inakupeleka kwenye uwanja wa ndege wenye jina lake, ambao sisi tunauita Airport. Yaani Baba wa Taifa anamiliki nusu ya safari yangu na hakuna konda anayemtaja.

Aliyefaulu ni Mkapa. Uwanja wa Taifa wa watu 60,000 yeye ndiye aliyeuanzisha, ukafunguliwa 2007, na alipofariki Julai 2020 ukapewa jina lake. Nikajua na hili litafia kwenye karatasi. Wapi! Mashabiki wa Simba wakalidaka: "Kwa Mkapa hatoki mtu!" Watangazaji nao wakaongeza Lupaso, kijiji alikozaliwa kule Masasi. Lakini sikiliza vizuri wanavyosema. Hawasemi Uwanja wa Benjamin Mkapa. Wanasema Kwa Mkapa. Wamemtoa Ikulu wakampanga foleni moja na Mfuga Mbwa, na hapo ndipo jina lilipoanza kupumua.

Anayenisikitisha ni Bibi Titi Mohamed. Miaka ya 1950 alizunguka kuwakusanya akina mama wajiunge na TANU, wakati wanaume kibao wanahofia vibarua vyao kwa mkoloni. Baadaye akashtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa kwa msamaha 1972. Maisha yote hayo, halafu unamsikia dereva wa bajaji: "Bibi Titi leo haisogei kabisa!" Barabara imebeba jina lake, ila alichofanya ukakisome wapi sijui. Kibao cha mganga, kile kilichopigiliwa kwenye nguzo ya umeme, kinaeleza kila kitu: mvuto wa mapenzi, kurudisha mali iliyopotea, kufaulu mitihani, na namba ya simu. Mganga anajua kujieleza kuliko historia ya nchi.

Mwaka 2022 ndipo balaa likatufikia mlangoni. Operesheni ya Anwani za Makazi, kabla ya sensa ya Agosti: kila nyumba iwe na namba, kila kichochoro kiwe na jina. Njia yetu sisi ina upana wa toroli moja na mtu mwembamba, lakini ulipoitishwa mkutano ungedhani tunagawana mkoa. Mwenye nyumba wangu akasimama: marehemu baba yake ndiye aliyechimba kisima cha kwanza. Jirani akasimama: baba yake yeye ndiye aliyetoa eneo la kisima, na maji yenyewe yalikuwa ya chumvi. Bwana mmoja akapendekeza jina lake mwenyewe, mzima wa afya, anadaiwa na nusu ya waliohudhuria. Mimi nikamtaja yule bibi aliyekuwa akiwazalisha wanawake wa mtaa huu usiku wa manane bila kuchukua hata senti. Watu wakapiga makofi sana. Hakuna aliyeandika. Bibi wa watu hakuacha mtoto mwenye sauti nene.

Kisima kile kile kikarudi mezani, mara mashati yakashikwa, mara viti vya plastiki vikapaa. Mwenyekiti wa mtaa, ili tu tukalale, akaandika "Njia ya Amani" akafunga daftari.

Kibao kikasimikwa. Sasa hivi kimeinama, kinaanikiwa mataulo. Juzi nimeagiza mzigo, bodaboda kanipigia, nikamsomea anwani yote kama ilivyoandikwa, na namba ya nyumba juu. Kimya. Nikamsikia anawauliza wenzake wa kijiweni, na mmoja akamjibu kwa mbali: "Amani gani? Huyo yuko Kwa Waliopigana. Kata kushoto."

Alifika hata simu sijaiweka mfukoni.