Ile Sauti ya "Ficha Mguu" ni Yangu

Ndiyo, ni mimi. Kwa kuwa rafiki yangu ameshakisimulia kisa hiki, cha sauti yangu kusikika ndani ya video niliyoombea kazi, katika kundi letu la WhatsApp la tuliosomea uhuishaji wa katuni, na kwa kuwa katika masimulizi yake eti nilitoka mbio nikaacha kiatu kimoja, nimeona afadhali nikieleze mwenyewe kabla hakijamfikia mama yangu, ambaye, kama mtakavyoona, naye yumo. Viatu nilitoka navyo vyote viwili.

Rili yangu, yaani hiyo video fupi ya kuwaonyesha waajiri kazi zangu, ilikuwa ya dakika moja na sekunde 10, na kuitafutia muziki kulinila wiki mbili nzima. Mwanzoni niliutaka wimbo wa benga, gitaa likienda mbio, lakini wimbo wenye maneno humfanya mtazamaji afuate kisa cha mwimbaji badala ya kuitazama kazi, na isitoshe haki ya kuutumia sikuwa nayo. Basi, nilipokuwa ningali natafuta muziki mtupu usio na maneno, nilikaa jikoni na simu, nikaitazama video huku nikijirekodi nikipiga ngoma kwa mdomo: mapigo 120 kwa dakika, yaani pigo moja kila baada ya fremu 12, kwa kuwa video yenyewe ina fremu, yaani picha mojamoja, 24 kwa sekunde. Kati ya ngoma na ngoma nilikuwa nikijikumbusha mahali pa kukata. Baadaye nikapata muziki wa marimba wenye kasi ileile, nikaulaza chini ya picha katika safu yake ya sauti, kando ya safu ya ngoma zangu za mdomo, na kila mkato ukaangukia pigo lake barabara.

Sasa sikilizeni upumbavu. Tulifundishwa chuoni kwamba waajiri wengi hutazama rili wakiwa wamezima sauti, hivyo ni lazima picha zijisimamie zenyewe. Nikazima safu zote za sauti nizikague picha. Saa saba usiku, mita ya stima ikiwa imeanza kulia kwamba tokeni zinakwisha, nikawasha safu moja upesi, nikatoa faili, nikaitia kwenye flashi nikalala. Safu zilikuwa mbili, jamani.

Kesho yake, katika studio moja ya Kilimani, Nairobi, tuliketi watu watano mbele ya runinga kubwa: msimamizi, ambaye ni mama wa makamo aliyening'iniza miwani kifuani kwa kamba, vijana wawili ambao hawakujitambulisha, mimi, na rafiki yangu huyohuyo, ambaye ndiye aliyeniombea nafasi ile na ambaye tayari alikuwa na andazi mkononi. Jina langu likatokea kwa herufi nilizozichagua kwa siku tatu. Kisha, mahali pa marimba, mtu akakohoa. Nikamgeukia kijana aliyekuwa karibu nami, nikidhani ni yeye.

"Dum, dum, ka. Dum, dum, ka," ikasema runinga, kwa sauti ya mtu mwenye mafua. Utingo wangu wa katuni akaning'inia mlangoni mwa matatu, na yule mimi wa jikoni akanong'ona: "Hapo, hapo, kata! Ficha mguu, umepenya ngazi." Wote wakainama mbele kuutazama mguu. Nawaapia kwamba kosa lile lilidumu fremu 6, robo ya sekunde, na bila kuambiwa asingeliona mtu.

Niliinuka nitafute rimoti. Msimamizi, bila hata kugeuza shingo, akainua kiganja. "Kaa, mwanangu. Tusikilize."

Nikakaa. "Dum, dum, ka. Huyu nyanya anatembea kama kabati, kata upesi." Kijana mmoja akajifunika uso kwa daftari. Ndipo ikapasua sauti ya mama kutoka sebuleni: "We! Unaongea na nani huko? Sufuria inaungua!" Nami nikamjibu, "Nakuja, mama," kisha nikaendelea, dum, dum, ka, bila kupoteza pigo hata moja, jambo ambalo naomba mnipe heshima yangu.

Hapo nikamkumbuka simba. Zilikuwa zimebaki sekunde 8 simba atokee, mapigo 16, nami niliyahesabu yote, kwa maana nilijua nilichokuwa nimekisema na nilijua nani alikuwa ameketi pale. Simba akapanda mwamba, akatikisa manyoya. "Hapa tia ngoma kubwa kabisa," nikasema kutoka ukutani, "wasije wakauliza nani alimhuisha. Mimi nilifanya mkia tu."

Aliyemhuisha simba, tulipofanya mradi ule wa pamoja chuoni, ni rafiki yangu. Alilirudisha andazi sahanini taratibu. "Mkia ulikuwa mzuri," akasema.

Yaliyofuata sina haja ya kuyarefusha. Niliomba radhi, nikaulizwa maswali mawili ambayo siyakumbuki, nikapewa wiki moja nilete faili nyingine, na kabla sijafika stejini kundi zima lilikuwa linaniita Mkia. Mlionitumia ngoma za mdomo usiku kucha, nimezipata, na wengi wenu hamwezi kushika pigo.

Faili mpya nimeipeleka jana, baada ya kuisikiliza mara sita. Utingo nimemtengenezea mguu. Chini ya simba nimeandika jina la rafiki yangu, na mbele ya langu, kwa herufi kubwa: MKIA PEKEE.