Kidumu cha Dodoma, mita ya Cape Town

Nilisoma shule ya msingi pembezoni mwa Dodoma, na kwenda shule bila kidumu cha lita tano ilikuwa ni kujitafutia fimbo za mwalimu wa zamu. Maji yaliyooshea vikombe vya uji ndiyo yaliyodekia darasa, na yaliyobaki walipewa miarobaini. Kubana maji hatukufundishwa na mtu. Shingo zilitosha.

Huku Cape Town shule ya mwanangu ilikuwa na uwanja wa kijani mwaka mzima, mpaka ukame ulipokuja. Februari 2018 jiji lilitupangia lita 50 kwa mtu kwa siku, na siku ya kufungwa mabomba ikawa inatajwa kama kiyama. Hapo shule ikaamka. Uwanja ukaachwa ukauke, kila tangi la choo likazamishiwa chupa iliyojaa maji ili lisivute mengi. Ila lililonikuna ni la mita: inasomwa jioni watoto wakiondoka, inasomwa tena alfajiri. Usiku hakuna anayenawa, kwa hiyo tarakimu ikisogea, kuna mahali panavuja. Watoto wakatia rangi ya keki kwenye matangi. Rangi ikishuka chooni bila mtu kuvuta maji, mwizi kakamatwa.

Mwaka jana nilirudi nyumbani. Shule yangu sasa ina bomba, na koki yake inadondosha usiku na mchana. Bata wa jirani wamehamia pale kabisa. Eti fundi anasubiriwa, wakati washa ya mpira haifiki bei ya soda.

Hata hivyo koki haikuniuma kama paa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Darasa lenye paa la mita za mraba 60, kwa mvua ya Dodoma ya kama milimita 550 kwa mwaka, linamwaga lita 33,000. Toa robo ya kupotea na ya kuoshea vumbi la bati, bado unajaza simtank la lita 5,000 karibu mara tano. Sasa hivi maji hayo yanachimba msingi wa darasa.

Simtank ni ghali, najua. Gata si ghali hivyo, na bati lipo tayari. Kwenye kundi letu la WhatsApp la waliomaliza pale, wengi wamekubali tuanze na madarasa mawili. Kuna mmoja tu anashikilia kwamba tupake kwanza geti rangi.