"Get" si kupata tu

Mwanafunzi wa Kiingereza hukutana na "get" mapema sana, na maana anayopewa ni moja: kupata. Analiandika daftarini, analikariri, na matatizo yanaanzia hapo hapo. "Get up" ni kupata juu? "Get old" ni kupata uzee? "Get lost" ni kupata nini hasa? Naandika haya kwa sababu inaniuma kuona watu wenye akili zao wakijihesabu wazito wa lugha, ilhali kosa si lao. Kosa ni la ile maana moja waliyopewa.

Nami nimepita huko. Mwalimu wangu mmoja alikuwa akikata kila "got" kwa kalamu nyekundu na kuandika juu yake kitenzi chenye hadhi zaidi: "obtained", "received", "became". Nia yake ilikuwa njema, alitaka tuandike Kiingereza safi. Lakini tulichojifunza ni kuliogopa neno ambalo wenye lugha yao hawamalizi dakika tano za mazungumzo bila kulitamka. Ukimsikiliza mtu aliyefundishwa hivyo, anaongea kama anayesoma barua ya serikali.

Kwa wingi wa maana, bingwa anayetajwa sana ni "run". Peter Gilliver, mhariri wa kamusi kubwa ya Oxford, alikaa nalo takriban miezi 9 na akafikisha maana 645 za kitenzi hicho kimoja. Siupingi ubingwa huo. Ila "run" ukilifuatilia vizuri, karibu kila mara unaona kitu kinachokwenda: mtu, maji, mashine, biashara. "Get" halina picha ya namna hiyo ya kushikilia, na ndiyo maana mimi naliona gumu kuliko lile.

Tena lenyewe ni neno la kuja. Mabaharia wa Skandinavia walioanza kuivamia Uingereza mwishoni mwa karne ya 8, na baadaye wakalowea huko, walikuwa na kitenzi chao "geta", kupata. Waingereza walikuwa na ndugu yake, lakini hakuwa akisimama peke yake. Aliishi ndani ya maneno mengine, na hadi leo yumo katika "forget", kusahau, na "beget", kuzaa. Ukoo huo ni wa kale kiasi kwamba hata Kilatini kina tawi lake, kitenzi cha kushika na kukamata, ambacho ndicho kilichozaa "comprehend". Kwa hiyo anayesema "I get it" na anayesema "I comprehend" wamechota kisima kimoja, ingawa wa pili ndiye anayesifiwa kwa usomi. Na sisi je? Mwanafunzi mwepesi tunasema anashika haraka. Tukitaka kujua kama tumeeleweka, tunauliza, "Umenipata?"

Sasa jambo lililonifanya nilipende neno hili. Chukua "get tired", "get angry", "get wet", "get old", "get drunk". Kwa Kiswahili ni kuchoka, kukasirika, kulowa, kuzeeka, kulewa. Hakuna kupata hata moja. Kiswahili hulitia badiliko la hali ndani ya kitenzi chenyewe. Kiingereza, ambacho kwa karne nyingi kimepukutisha viambishi vyake, kimebaki na sifa tupu, "tired", "wet", "old", na kinahitaji kitenzi chepesi cha kuonyesha kwamba hali hiyo imeanza. Kitenzi chenyewe ni "get".

Halafu geuza upande. "Get the child to sleep" ni kumlaza mtoto. "Get them to laugh" ni kuwachekesha. Hapo "get" linafanya kazi ambayo sisi tumeikabidhi -sha na -za. "Get along" ni kupatana, na hapo ndipo kupata kwetu kunapojitokeza, lakini kwa sharti la kuvaa -na. "Get married" linawachosha wafasiri kila siku, kwa sababu Kiingereza hakijali nani kamuoa nani, ilhali Kiswahili hakikuruhusu kufungua kinywa kabla hujaamua: ameoa, ameolewa, au wameoana.

Unaona tulipofika. Ukiulizwa "get" ni nini kwa Kiswahili, mara nyingi huwezi kujibu kwa neno, kwa sababu jibu lenyewe ni mkia wa neno. Ni ile minyambuliko tuliyoikariri shuleni kama adhabu: kutendeka, kutendesha, kutendana. Mswahili anayeijua lugha yake tayari anazo hizi fikra zote kichwani. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba anazo.

Hebu tazama dirisha. "The window was broken" inaweza kuwa habari ya tukio, kwamba kuna aliyelivunja, au maelezo tu ya hali, kwamba ulipofika ulikuta kioo hakipo. "The window got broken" ni tukio tu, haielezi hali. Na mara nyingi msemaji anayechagua "got" hana haja ya kumtaja mhusika. Sisi tunajua vizuri sana tofauti ya limevunjwa na limevunjika. Mtoto aliyesimama karibu na vipande vya sahani anaijua kuliko mtu yeyote: atasema imevunjika, hatasema imevunjwa. "It got broken" ndiyo sauti ya mtoto huyo.

Kosa la upande wa pili nalo lipo, na linatokana na ulinganisho ule ule wa daftarini. Kwetu mtu hupata ajali, hupata hasara, hupata mtoto. Mwanafunzi akivuka na kitenzi chake anaandika "I got an accident", na Mwingereza anakunja uso, maana kwake ajali ni ya "have" na hasara ni ya "make". Kupata kwetu nako kuna mapana yake ambayo "get" haliyafikii. Kisu kikali tunasema kinapata. Watu wapatao mia ni watu wanaokaribia mia. Na wahenga waliposema kupata si kwa werevu na kukosa si ujinga, walikuwa wakizungumzia riziki na bahati kwa mara moja. Jaribu kuipeleka ile "kupata" kwenye Kiingereza kwa "getting" uone inavyopwaya.

Kuhusu "gotten" nitasema kidogo. Wamarekani wanayo, Waingereza wengi wameiacha, na kuna walimu wanaoikata wakidhani ni kosa jipya la ng'ambo. Ni umbo la zamani lililobaki Marekani, na Waingereza wenyewe bado wanasema "forgotten" bila wasiwasi. Isitoshe, linawafaa Wamarekani: "I've got" kwao ni ninacho, "I've gotten" ni nimekipata.

Lakini kama ningepewa somo moja tu la kufundisha, ningefundisha hili. "I get to go" na "I've got to go" zinatofautiana kidogo sana kwa sikio. Ya kwanza ni ya mtu aliyebahatika: nimepata kwenda, nafasi imeniangukia. Ya pili ni ya asiye na hiari: sina budi kwenda. Na ajabu njema ni kwamba ile ya kwanza sisi tunayo vilevile kama ilivyo, "nilipata kumwona", wakati ile ya pili hatuna hata harufu yake kwenye kupata. Mwanafunzi aliyekariri maana moja atazisikia zote mbili kama sentensi moja, na atampongeza mtu anayelalamika.

Ndiyo maana napendekeza tuache kulifundisha neno hili peke yake. Lifundishwe na jirani zake: "get over", "get by", "get away with", kila moja na sentensi yake kamili na mtu anayeisema. "Get by" nimeshamweleza mtu kwa neno moja tu, kubangaiza, akacheka na hajalisahau. "Get away with" haina neno moja kwetu, na si aibu kusema hivyo. Ni kufanya kosa na lisikupate lolote.

Iliyonisumbua muda mrefu zaidi ni sentensi fupi niliyotakiwa kuifasiri, ya mama aliyefiwa: "She never got over it." Nilianza na hakupona, ikasomeka kama mgonjwa. Nikaweka hakusahau, lakini nani aliyesema anatakiwa kusahau? Hakuzoea ilikaribia, ila ilikuwa baridi mno. Siku ya tatu nilimsikia mzee mmoja akizungumzia msiba wake wa miaka mingi, nikarudi kwenye karatasi na kuandika: halikumtoka moyoni.